Mama mkwe alinichinjia jogoo nikamkatalia, na sasa vita imefika kwa sahani ya mtoto

BARUA

Habari Mama,

Naomba unisome hadi mwisho manake hii stori ni ndefu, na watu wawili niliojaribu kuwaambia walianza kucheka kabla sijafika katikati.

Mimi ni mama wa miaka 33, naishi Umoja na mume wangu na binti yetu wa miezi 14. Miaka mitatu iliyopita babangu alikufa na kansa ya utumbo mpana, akiwa na miaka 54. Babangu alikuwa mtu wa nyama, yaani Jumapili bila choma kwake haikuwa Jumapili, na jioni akitoka kazi lazima angepitia kwa yule jamaa wa mutura hapo steji. Alipougua mimi ndio nilikuwa namshughulikia, nikamuona akiisha hadi nikawa naweza kumuinua kitandani peke yangu, mtu ambaye alikuwa ananibeba mabegani nikiwa mdogo. Siku moja tukiwa wodini mgonjwa wa kitanda cha karibu akaletewa supu ya mbuzi, ile harufu ikanipiga nikatoka nje nikatapika, na tangu siku hiyo nyama haijawahi kupita kwa koo langu. Sikukaa chini nikaamua, Mama. Ilikataa tu yenyewe.

Mwanzo nilikuwa bado nakula mayai na maziwa, hata mimba niliibeba hivo. Baada ya kujifungua kuna rafiki akaniingiza kwa grupu ya WhatsApp ya wale hawatumii kitu chochote cha mnyama, wanaitwa vegani, nikaanza kusoma usiku nikinyonyesha. Nikasoma ati shirika la afya duniani lilishasema nyama iko kundi moja na sigara. Nikamkumbuka babangu. Nikaacha maziwa, mayai, mala, hadi asali, sai ni mwaka mzima. Nakula githeri, ndengu, kamande, njahi, avokado, mboga za kienyeji, chapati na chai ya rangi. Na nisikudanganye, mwili ulinishukuru, nimepunguza kilo 9, presha iliyonisumbua baada ya kuzaa imetulia, choo inaenda bila shida.

Shida ni watu. Kazini wakienda choma mwisho wa mwezi naambiwa nitafutiwe majani nikule na mbuzi kabla hajachinjwa. Kwa chama nilipopika ndengu na wali, nikasikia baadaye kwamba wamama wanasema tumefilisika. Kanisani mmoja aliniuliza kama nimejiunga na dini ingine. Hayo yote nimeyameza.

Lakini Disemba tulienda ushago kwa kina mume wangu, Kakamega. Mama mkwe alikuwa amefuga jogoo fulani, anatuambia kwa simu tangu Oktoba, ati huyu ni wa mama mtoto. Tulipofika akamchinja, akampika kwa kuni, akaniletea bakuli langu yeye mwenyewe kwa mikono miwili. Nikasema, mama samahani, mimi sili nyama, nitakula tu mboga. Nyumba ikanyamaza. Akarudisha lile bakuli jikoni bila neno. Kesho yake wifi yangu akanieleza kwamba mama alilia usiku, alisema, "Huyu msichana amekataa mkono wangu."

Mwezi wa pili akaja kwetu wiki mbili kutibiwa magoti. Mimi nilikuwa nimepanga mtoto alelewe kama mimi, bila nyama, bila maziwa ya ng'ombe, bila mayai, nyonyo yangu tu na chakula cha mimea. Siku ya nne narudi kazini napata kiini cha yai kwa bibu ya mtoto na kuna bakuli la supu ya maini limefichwa nyuma ya jiko. Mama, nilipiga kelele. Nilimwambia mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu mzima. Akafunga virago asubuhi, akapanda basi akarudi, na magoti hayakuwa yameisha kutibiwa.

Tangu hapo mume wangu haongei nami vizuri. Anasema mtoto si wangu peke yangu. Yeye huwa anakula nyama huko nje alafu anasukutua mdomo kabla hajaingia kwa nyumba, nimegundua hiyo juzi tu na iliniuma sijui kwa nini.

Kitu kingine, kidogo tu. Karibu miezi minne vidole vya miguu vinafanya ganzi, na nasahau vitu, natoka duka nimeacha chenji. Kwa grupu waliniambia ni sumu inatoka mwilini, ati nitumie spirulina ina B12 ya kutosha. Na tungependa mtoto wa pili mwaka ujao.

Agosti shemeji anaoa, ng'ombe atachinjwa, na mimi kama mke wa kwanza kuolewa kwa hiyo boma nategemewa jikoni. Je, naumiza mtoto wangu? Nikule tu nyama ndio amani irudi? Na huyo mama namwendeaje?

Mama Msichana, Umoja

JIBU

Mwanangu Mama Msichana,

Nimekusoma hadi mwisho na nikarudia. Hakuna mahali nilipoona cha kuchekesha.

Wacha nianze na kile ulichokiita kidogo tu, manake ndicho kimenifanya nikujibu mapema. Ganzi kwa vidole vya miguu na kusahau, kwa mtu ambaye hajala nyama miaka mitatu na mwaka wote huu hajagusa hata yai wala maziwa, na bado ananyonyesha, hiyo haisubiri Agosti. Inaweza kuwa kitu kingine kabisa, kuna ganzi za sukari na kuna ganzi za mgongo, mimi siwezi kujua nikiwa hapa. Lakini vitamini B12 ikipungua mwilini ndivyo inavyobisha hodi, vidole, uchovu, usahaulifu, na ikiachwa kwa muda mrefu mishipa ya fahamu inaweza kuumia isirudi ilivyokuwa. Hii vitamini hutengenezwa na bakteria, sisi tunaipata kupitia nyama, samaki, mayai na maziwa. Mimea haina. Ini linaweka akiba ya miaka kadhaa, ndio maana mtu anaacha vyakula hivyo, anajisikia mwepesi na mzima mwaka wa kwanza, wa pili, anaamini hakuna kitu alichokuwa anahitaji huko, kumbe anakula akiba.

Na ile spirulina, mwanangu, hao wenzako nadhani wanakupenda lakini kwa hilo wamekupotosha. Iliyo ndani yake kwa sehemu kubwa ni kitu kinachofanana na B12 lakini mwili wa binadamu hauwezi kukitumia. Hata hiyo habari ya sumu kutoka mwilini kupitia vidole sijawahi kusikia daktari akiisema.

Kwa hivyo nenda kliniki wiki hii, uwaambie wazi hauli chochote cha mnyama na kwamba unanyonyesha, uombe wakupime kiwango cha B12 chenyewe. Nasema chenyewe kwa sababu wewe unakula mboga nyingi za majani, na foleti iliyo kwa hizo mboga inaweza kuifanya damu ionekane sawa kwa kipimo cha kawaida wakati mishipa inaendelea kuteseka. Waulize pia kuhusu madini ya chuma. Na mbebe mtoto na kile kijitabu chake cha kliniki, waangalie ile laini ya uzito inavyopanda, na wajue mamake anakula nini, kwa sababu B12 ya mtoto anayenyonya inatoka kwa maziwa yako. Wewe ukiishiwa, yeye anaishiwa haraka kuliko wewe manake hana akiba ya miaka. Sisemi hivi nikutie hofu. Ikipatikana imepungua, dawa ipo, sindano au tembe, na watu wengi hupata nafuu vizuri wakiwahi.

Haya. Sasa tukae kidogo na babako.

Umeniambia nyama ilikukataa yenyewe pale wodini. Kitu ambacho mwili umekikataa karibu na kitanda cha mzazi anayekufa, hata mimi singekulazimisha ukirudie, na yeyote anayekwambia "kula tu, utazoea" hajasikia ulichosema. Lakini alafu kuna mahali kwenye barua yako ile chuki ya harufu iligeuka ikawa sayansi, na hapo ndipo ningependa tutembee polepole. Umesoma kwamba nyama iko kundi moja na sigara. Hiyo ilitoka mwaka 2015, kwa lile shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya WHO, hilo shirika la afya duniani. Nyama iliyosindikwa, soseji, bekoni, smoki, hizo ndizo zilizowekwa kundi la kwanza pamoja na sigara. Nyama nyekundu ya kawaida, ng'ombe, mbuzi, kondoo, iliwekwa kundi la chini yake, la vitu ambavyo huenda vinasababisha kansa. Kuku na samaki hawakuwa kwa hiyo hesabu. Na kukaa kundi moja na sigara maana yake ni kwamba wataalamu wana uhakika sawa kuwa kitu hicho kinachangia kansa, haimaanishi hatari inalingana. Walisema kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa kwa siku zinaongeza uwezekano wa kansa ya utumbo mpana kwa kama asilimia 18. Ni nyongeza ya kweli, na mimi nikiwaona watoto wa shule wakinunua smoki kila siku natamani wazazi wao wangejua. Ila hiyo peke yake haikuambii kwa nini babako aliugua. Wako waliokula mutura miaka themanini na wako waliougua bila kuonja. Unajaribu kumpatia kifo chake sababu, na naelewa, kifo chenye sababu ni rahisi kukikwepa.

Hapo ndipo nina wasiwasi nawe kwa namna ingine. Kama kwa ndani unaamini kwamba ukiacha nyama umejitoa kwa hiyo hatari, hiyo siyo kweli yote. Mtu ambaye mzazi wake aliugua kansa ya utumbo mpana ana uwezekano zaidi wa kuipata hata akila mboga maisha yake yote, na madaktari wengi hushauri mtu wa namna hiyo aanze kuchunguzwa utumbo akifika 40, ama miaka 10 kabla ya umri ambao mzazi alipatikana nayo, chochote kitakachotangulia. Babako aliaga akiwa na 54. Mueleze daktari umri kamili aliopatikana nayo, akupangie. Hilo ni jambo ambalo sahani peke yake haiwezi kukufanyia.

Je, chakula chako ni kibaya? Hapana, na usimruhusu mtu wa chama akuambie hivo. Githeri ni chakula kimefikiriwa, mahindi yana upungufu wa aina fulani ya protini na maharagwe yanaijazia, bibi zetu walijua bila maabara. Kule Uingereza walifuatilia watu zaidi ya 48,000 kwa miaka 18, matokeo yakatoka mwaka 2019, wasiokula nyama walikuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo pungufu kwa asilimia 22 kuliko walaji nyama. Lakini utafiti uleule ulionyesha walikuwa na kiharusi zaidi kwa asilimia 20. Hao waliofanya wakaeleza kwamba huenda ni kolestroli kuwa chini sana ama ni upungufu wa vitu kama B12. Unaona? Wale wa nyama choma watakusomea nusu moja, grupu yako itakusomea nusu ingine. Kupungua kwako uzito na presha kutulia ni kweli, umeyaona kwa mwili wako, ingawa sijui ni ngapi imetokana na kuacha maziwa na mayai na ngapi imetokana na kuacha vitu vya kukaanga vya barabarani.

Kuna hii chai ya rangi pia. Ukiinywa na chakula inazuia madini ya chuma yaliyo kwa ndengu na mboga yasiingie mwilini. Isogeze iwe saa moja au mbili mbali na chakula, na hapo kwa sahani weka kitu chenye vitamini C, kipande cha chungwa, kachumbari yenye ndimu. Loweka maharagwe na ndengu usiku. Uji ukichachushwa una faida zaidi kuliko wa haraka. Ukitumia unga wa posho mill kila mara, jua hauna yale madini ambayo sheria ilitaka unga wa pakiti uongezwe tangu 2012.

Sasa mtoto. Hapa nitaongea taratibu kwa sababu umeniuliza kama unamuumiza, na mama akiuliza hivo saa nne usiku huwa ameshajihukumu.

Kwa miezi 14 tumbo lake bado ni dogo na anakua kwa kasi. Githeri inalijaza haraka kabla hajapata chuma na zinki ya kutosha. Ndio maana mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 unasema wapate nyama, samaki au mayai kila siku. Na kuna jambo lilifanyika hapa kwetu Embu, kati ya 1998 na 2000, shule 12 za msingi, watoto wengine wakapewa githeri yenye nyama ya kusaga, wengine githeri na maziwa, wengine githeri yenye mafuta zaidi, na wengine hawakupewa kitu. Wale wa nyama ndio waliopanda zaidi kwa jaribio la kufikiri, na uwanjani walikuwa wachangamfu zaidi. B12 ilipanda kwa wa nyama na wa maziwa. Lazima niseme pia hao walikuwa watoto ambao nyumbani hawakuwa wanapata vya kutosha, kwa hivyo haimaanishi mtoto aliyepangiwa vizuri bila nyama hawezi kufikiri. Wataalamu wenyewe hawakubaliani. Mwaka 2016 chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani kilisema chakula cha mimea tupu kikipangwa sawasawa kinaweza kumtosha hata mjamzito na mtoto mchanga, na mwaka huohuo wenzao wa Ujerumani wakasema hawakishauri kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto. Mahali walipokutana ni hapa, B12 lazima itoke mahali, iwe tembe, iwe chakula kilichoongezwa. Wewe katika barua yote hujataja tembe hata moja.

Njia ninazoziona ni kadhaa na kila moja ina gharama yake. Unaweza kubaki vile ulivyo, wewe na mtoto, lakini basi iwe ni kazi kamili, B12 kila siku kwa wote wawili, mtaalamu wa lishe awafuatilie, damu ipimwe, na mume wako awe amekubali kwa moyo, manake ukiwa umeenda kazini mpango wowote ambao yeye haujui utavunjika. Hatari yake ni kwamba kosa dogo kwa mtoto wa umri huo linaonekana umechelewa. Unaweza kubaki wewe na mimea na B12 yako, alafu mtoto ale yai, maziwa, hata omena iliyosagwa, hadi akue achague. Hiyo inatuliza nyumba na ndiyo rahisi kwa mwili wake, lakini itakubidi ushike yai hilo kwa mkono wako na ulimenye, na ni wewe tu unajua kama moyo utakubali. Kuna wanaorudi pale ulipokuwa ukibeba mimba, mayai na maziwa wewe mwenyewe, bila nyama. Wahindu wengi na Wajaini, wale wa dini ya Jaini kutoka India, wa Ngara na Parklands wameishi bila nyama, hata bila mayai, vizazi na vizazi na maziwa yao na samli, na hapa Nairobi hakuna anayewauliza kama wamefilisika. Na kama mnataka wa pili mwaka ujao, chochote utakachochagua kitengenezwe kabla ya mimba, kwa sababu zile tembe za chuma na foliki asidi utakazopewa kliniki hazina B12.

Kurudia nyama ili watu wanyamaze, hiyo nayo ni njia, umeitaja. Ninaogopa tu itakuwa ni kitu unachokimeza ukimwangalia mume wako kwa jicho la lawama, na sijui hiyo amani ingekaa siku ngapi.

Nimewataja Wajaini kwa sababu ingine pia. Angalia wote mjini humu wanaoacha nyama bila kusumbuliwa. Wahabeshi wa Orthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa, na kwa hoteli zao pale Hurlingham utapata sahani nzima ya mifungo bila kuomba msamaha. Kuna Wasabato wasiokula, marasta wengi hawali. Wote wana watu. Wana mama aliyepika hivo, wana siku, wana jina la chakula. Wewe uliingia peke yako kupitia mlango wa msiba, alafu grupu ya simu ikawa ndio familia yako ya mezani. Si ajabu ulipigana vile.

Na huyo mama wa Kakamega, jaribu kuangalia lile bakuli kwa upande wake. Kwa umri wake, mboga ilikuwa ni chakula cha siku ambazo hakuna kitu. Hebu sikia tu jina tulilolipa, sukuma wiki. Kuku alikuwa wa mgeni, na watoto walikuwa wanasema moyoni mgeni aje wapone. Kwa Waluhya kuku ana sehemu zake na kila sehemu ina mwenyewe, firigisi ya baba wa nyumba inajulikana. Alipokubebea kwa mikono miwili alikuwa anakuonyesha mahali pako pa kukaa kwa hiyo boma. Wewe ulisikia "kula nyama". Ndio maana hakulia kwa sababu ya kuku, alilia kwa sababu ya mkono wake.

Lakini pia sitaki ubebe hii lawama yote. Kumlisha mtoto wako kwa siri na kuficha bakuli nyuma ya jiko haikuwa sawa, na hata kama yai lenyewe halikuwa na ubaya, ile siri ilikuwa nao. Hasira yako ilikuwa na msingi. Maneno uliyoyatumia, hayo ndiyo yanayohitaji kurudiwa na kuombewa radhi, na radhi ya mkwe haitumwi kwa meseji. Na mume wako alikuwa wapi tangu Oktoba jogoo akifugwa? Alijua hauli. Angempigia mamake akamwambia mapema, ungefika ukapata bakuli lingine. Muulize hilo kwa upole, siyo siku mnagombana. Na umwambie ulivyoumia kuhusu kusukutua mdomo. Nadhani iliuma kwa sababu ulimuona mume wako akikuogopa kwa nyumba yake mwenyewe, na wewe hukuwahi kutaka kuwa mtu wa kuogopwa.

Kuna kitu kimoja nimekifikiria sana. Watu wa huko ndio wenye mrenda, saga, kunde, managu, wanapika na munyu wa jivu unaolainisha mboga hadi inateleza. Wana mushenye, viazi vitamu na maharagwe yamepondwa pamoja. Wana simsim. Chakula unachokitafuta usiku kwa simu, mama mkwe wako anakijua tangu akiwa msichana, na sidhani kuna mtu ameshawahi kumwambia ni chakula cha heshima. Ukienda kabla ya Agosti, siku ambayo si ya sherehe, na mtoto mgongoni, na mumeo akiwepo, mwambie habari ya babako. Kwa barua yako sijaona mahali aliambiwa. Anajua tu ulikataa, hajui wodi, hajui ile supu. Mwambie vile ulivyoniambia mimi. Alafu umuombe akufundishe munyu unavyochujwa.

Pengine atakubali, pengine atanyamaza siku hiyo pia, wazee wengine huchukua muda. Na siku ya harusi, hata usipoonja, kuna kazi nyingi jikoni zisizo za nyama, kusonga ugali wa watu mia mbili si mchezo, na wifi yako anaonekana ni mtu wa kukusaidia, alikuja kukuambia ukweli wakati wengine walinyamaza. Mpigie yeye kwanza.

Magoti ya mama mliyaacha nusu. Kama ningekuwa karibu nawe, hapo ndipo ningekuuliza swali langu la mwisho, ni nani atamrudisha Nairobi amalizie matibabu, na mtampokea kwa chakula gani.

Niandikie majibu ya damu yakitoka.